NetworkManager: unaweka setingi za adapta na adapta yenyewe bado iko kwenye basi Witu

Hii nataka niiandike vizuri manake mwaka huu nimeulizwa na watu kama wanne na kila nikijibu kwa simu najikuta nimesahau kitu. Mi nina saiba ndogo hapa Langoni, Lamu mjini, kompyuta tano za wateja na moja kubwa ya kwangu ambayo ndo inashika mtandao na kuwagawia hao wengine, na hio kubwa inatumia Debian 12, ambayo ni mfumo wa kompyuta wa aina ya Linux badala ya Windows. Ninachokisifia leo sio Debian, ni programu moja iliyo ndani yake inaitwa NetworkManager. Kazi yake ni kushika setingi zote za mtandao, za waya, za waifai, za modemu, na kujua ipi itumike kwenye kifaa gani. Ilianzishwa na Red Hat mwaka 2004, ni ya bure, na kama ushawahi kubonyeza ile alama ya waifai kwenye Ubuntu au Fedora, ambazo nazo ni Linux, basi ushaitumia pasi na kujua jina lake.

Jambo lenyewe ninalotaka kusema ni hili: inakubali kupokea setingi za kadi ya mtandao ambayo haipo. Haijachomekwa, haijanunuliwa, hujaiona kwa macho. Unaandika profaili, yaani setingi zote za kadi moja chini ya jina moja, inaihifadhi, inanyamaza, na siku kadi ikitokea inaiwasha yenyewe bila mtu kuiambia. Mtu wa Nairobi ambaye duka la vifaa liko ng'ambo ya barabara huenda asione maana yake. Lakini sisi wa kisiwani kifaa kinatoka Mombasa kwa basi, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, halafu kipande boti, na siku kikifika aliye na ujuzi wa kukifunga huenda hayupo kabisa mjini, sa kwetu hili ni jambo kubwa sana.

Nieleze ilivyonitokea manake hapo ndo nilipojifunza yote.

Juni mwaka jana tundu la waya la ile kompyuta kubwa lilianza kufa. Hewa ya bahari na chumvi, sote tunaijua, ukimulika tochi ndani vile vipini vimeota kijani. Mtandao unashika dakika tano unaachia, unashika unaachia. Na waifai haikunifaa, manake nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita, rauta iko juu ghorofani karibu na dishi, mpaka waifai iteremke chini ishakwisha nguvu. Kwangu ni waya tu. Na ilikuwa wiki ya mwisho ya Juni, tarehe 30 ndo mwisho wa kujaza ritani za kodi za KRA, watu wote waliokuwa wamelala tangu Januari wanakuja siku tatu za mwisho, foleni mpaka nje mlangoni, wengine wazee wametoka Matondoni kwa miguu. Ukimwambia mzee kama huyo mtandao umekatika rudi kesho, unamwonea.

Nikapiga simu Mombasa nikaagiza adapta ya USB ya kuchomeka waya. Nilitaka yenye chipu ya Realtek RTL8153 manake draiva yake, r8152, iko ndani ya Linux tayari, huhangaiki kutafuta sidii wala nini. Wakasema itapanda basi kesho. Shida ni kwamba mi kesho yake alfajiri nilikuwa naenda Faza, kulikuwa na kazi ya kompyuta za shule nilishawaahidi, na boti za huko haziondoki unapotaka wewe, zinaondoka maji yanapotaka, pale Mkanda maji yakitoka chombo hakipiti. Kwa hivo adapta ikifika mi sipo. Angekuwepo mtoto wa ndugu yangu, kijana wa fomu tatu, mwerevu, wateja anawashughulikia vizuri tu lakini teminali, ile skrini nyeusi ya kuandika amri, alikuwa hajawahi kuishika.

Na haikuwa kuchomeka tu na kuomba Mungu. Kampuni inayotuletea mtandao haigawi anwani zenyewe, wametupa anwani moja ya IP isiyobadilika (namba ya kompyuta kwenye mtandao) na geti yake (mlango wa kutokea nje) na DNS (ya kugeuza majina ya tovuti kuwa namba), ukichomeka adapta mpya bila kuandika hizo namba hupati kitu. Basi usiku ule baada ya Isha nikakaa nikaandika hivi kwa nmcli, ambayo ndo amri ya kuiambia NetworkManager la kufanya kwenye teminali, namba nimezibadilisha:

nmcli connection add type ethernet con-name saiba-waya ifname eth1 ipv4.method manual ipv4.addresses 10.20.30.14/24 ipv4.gateway 10.20.30.1 ipv4.dns 10.20.30.1

Ikajibu imehifadhi. Haikuuliza hio eth1 iko wapi, haikulalamika, haikunitisha. Ukiandika nmcli connection show unaiona kwenye orodha pamoja na zingine, ila pale kwenye safu ya kifaa pana vistari viwili, maana yake ipo lakini haijapata pa kukaa. Ukijaribu kuilazimisha kwa nmcli connection up itakataa, itakuambia hakuna kifaa kinachoifaa, na hilo ndo jibu sahihi, wala usidhani umeharibu. Profaili ni kitu kimoja na kifaa ni kitu kingine. Hii ndo akili ya programu nzima na ukishaielewa mengine yote yanakuwa mepesi: profaili ni karatasi ya maagizo, kifaa kinakuja na kuondoka, karatasi inabaki palepale.

Zamani nilikuwa natumia njia ya kizamani ya Debian, lile faili la /etc/network/interfaces. Ukiandika auto halafu jina la kadi ambayo haipo, kompyuta ikiwaka huduma ya mtandao inaanza na kosa, lazima ujue kuandika allow-hotplug badala yake ndo isubiri kadi ije. Kwenye Ubuntu ya seva wanatumia netplan, pale usipoandika optional: true kwenye kadi isiyokuwepo, kompyuta ikiwaka inakaa inasubiri mtandao dakika mbili nzima, mteja amesimama anakutazama. Na wale wa Windows nao wana yao, wanakumbuka kadi iliyoondolewa lakini wanaificha, sa ukileta mpya ukitaka kuipa anwani ileile unaambiwa hio anwani ishapewa kadi nyingine, kadi yenyewe ukiitafuta huioni mpaka uende Device Manager uwaambie waonyeshe vifaa vilivyofichwa. Hio ilinitesa miaka, tena nilidhani ni virusi. Kwenye NetworkManager kitu kilichohifadhiwa hakifichwi kwenye orodha, na profaili mbili zikiwa na anwani moja hakuna ugomvi mradi usiziwashe pamoja.

Turudi Faza. Saa kumi jioni simu ikalia.

"Ami, adapta imefika, nimeichomeka, taa ya kijani inawaka, lakini mtandao hamna."

"Umechomeka waya wa juu au ule wa kompyuta za wateja?"

"Wa juu ami, nimefuata mpaka kwa rauta."

"Haya mwanangu, fungua ile skrini nyeusi, andika nmcli device, nisomee unachokiona."

Akaanza kunisomea herufi moja moja, laini inakatika inarudi, mi nimetoka mpaka gatini kutafuta mnara. E, n, x, halafu namba na herufi mchanganyiko nyingi. Hapohapo nikajua kosa ni langu mimi, wala si la kijana wala adapta.

Mi nilikuwa nimezoea zile kompyuta ndogo za Raspberry Pi, ambazo ukichomeka adapta ya pili ya waya inaitwa eth1 tu, basi nikadhani na huku ni hivo. Kumbe tangu 2013, kuanzia toleo la 197 la systemd, programu inayoamsha mfumo kompyuta ikiwaka, Linux nyingi zimeacha yale majina ya eth0 na eth1 manake yalikuwa yanabadilishana kadi zikiwa mbili, leo hii ni eth0 kesho ni ile. Sa hivi kadi ya ndani inapewa jina kulingana na ilipochomekwa kwenye ubao, kwa mfano enp2s0, na ya USB kwenye Debian inapewa enx ikifuatiwa na anwani yake ya MAC, yaani namba ya kuitambulisha kadi yenyewe, herufi na namba zote kumi na mbili, bila zile nukta pacha. Ukihesabu ni herufi 15 na ndo mwisho kabisa wa urefu wa jina la kadi kwenye Linux, hata moja zaidi haiingii. Kwa hivo profaili yangu ilikuwa imekaa inamsubiri eth1 ambaye asingekuja milele. Na NetworkManager ilipoona kadi imeingia na hakuna profaili inayoifaa, ikajitengenezea ya kwake ya muda, ile ya Wired connection 1, inayoomba anwani kutoka kwa rauta, ikasubiri sekunde 45, hakuna aliyeijibu, ikashindwa, ikaanza tena.

Nikamwambia aandike hivi, neno kwa neno, alama kwa alama, ilituchukua karibu robo saa:

nmcli connection modify saiba-waya connection.interface-name "" match.interface-name "enx*"

Maana yake futa lile jina la eth1, na kubali kadi yoyote ambayo jina lake linaanza na enx. Halafu nmcli connection up saiba-waya, manake ile ya muda ilikuwa ishaikalia kadi na haiondoki mpaka uitoe. Nikasikia simuni mtu anasema "ushaingia, ushaingia", nafikiri ni mteja. Wallahi nilikaa chini palepale gatini.

Hapa wapo watakaosema ungeweka nyota tupu, yaani ifname "*", ikubali kadi yoyote ya waya. Nilifikiria na niliogopa, na nilikuwa sawa kuogopa. Lile tundu bovu la ndani lilikuwa bado linashika na kuachia, na profaili ya nyota ingeweza kudandia hilo tundu kabla adapta haijafika, na kwa kawaida profaili moja inawaka kwenye kifaa kimoja tu kwa wakati mmoja, kwa hivo adapta ingekuja ikute kiti kishakaliwa. Nyota ni nzuri pale ambapo una hakika kifaa cha aina hio kitakuwa kimoja tu.

Lakini hata hio enx* yangu ilikuwa pana kupita kiasi, na nililijua hilo kama mwezi mmoja baadaye, siku mtandao wa dishi ulipokufa wote. Nikachomoa adapta niisafishe, nikachomeka simu yangu kwa waya wa USB nitumie bando la simu wateja wasikae bure. Simu ikawasha, kompyuta ikaiona, halafu hamna kitu. Natazama, saiba-waya imeikamata simu! Manake na simu nayo imekuja na jina la enx, ikaipa ile anwani ya kampuni ya dishi, simu haijui anwani hio ni ya nani. Programu haikukosea hata kidogo, ilifanya nilichoiambia. Ndo nikarudi nikaikaza: adapta sa ilikuwepo mkononi, anwani yake ya MAC naijua, nikafuta lile enx* nikaweka MAC kamili kwenye 802-3-ethernet.mac-address. Tangu siku hio haijawahi kudandia kitu kisicho chake.

Simu nayo ikataka profaili yake mwenyewe na hapo pana mtego mwingine. Simu nyingi za Android kila ukiwasha kugawa mtandao kwa USB zinakuja na anwani mpya ya MAC, sa jina la kadi nalo linabadilika, leo enx hivi kesho enx vile. Ukiifunga profaili kwa jina au kwa MAC umeifunga kwa mtu ambaye hatarudi. Nilichofanya ni kuifunga kwa draiva:

nmcli connection add type ethernet con-name simu ifname "*" match.driver rndis_host

Hio rndis_host ndo draiva ambayo simu yangu inaitumia, yako utaiona kwa nmcli -f GENERAL.DRIVER device show ukiwa umeichomeka. Simu ibadilishe MAC mara elfu, profaili inaitambua tu. Hiki kipengele cha match kwa maoni yangu ndo almasi ya programu hii na sijaona mtu anakitaja, watu wanabaki kufunga kwa jina la kadi basi.

Modemu ya laini nayo niliiandalia kabla haijanunuliwa, nmcli connection add type gsm ifname "*" con-name modemu apn safaricom, na hapa nyota inafaa manake modemu ni moja tu. Inataka ModemManager iwepo kwenye kompyuta. Ila angalia modemu yako ni ya namna gani, zile za Huawei za HiLink hazijionyeshi kama modemu, zinajionyesha kama kadi ya waya yenye rauta yake ndani ya 192.168.8.1, profaili ya gsm utaisubiri mpaka uzeeke. Modemu yangu ya kawaida ilivyofika niliichomeka na ikawaka yenyewe, hata sikukaa kitini. Na ninachokipenda ni kwamba zikiwepo zote kwa pamoja haigombani: waya inapewa namba 100 ya njia, waifai 600, modemu 700, ndogo ndo inapita kwanza, kwa hivo waya ikirudi bando la modemu linaachwa lenyewe. Isipokuwa kama waya iko hai lakini huko mbele mtandao umekufa, hapo haijui, itaendelea kung'ang'ania waya mpaka uwashe ule ukaguzi wa mtandao ambao kwenye Debian unaletwa na kifurushi chake peke yake, haujawashwa ukiingiza NetworkManager peke yake. Hilo walitakiwa walitaje mahali panapoonekana.

Sa nizungumzie mabaya, manake yapo.

Kwanza ule ukurasa wa setingi wa GNOME, yaani ile sura ya madirisha ya Linux, ule wa kubonyeza bonyeza, hauonyeshi sehemu ya waya kama hakuna kadi ya waya iliyochomekwa. Yaani kile kitu kizuri kuliko vyote, kuandaa kabla kifaa hakijaja, mtu wa kawaida asiyejua teminali haoni hata mahali pa kukifanyia. Inabidi ufungue nm-connection-editor au nmtui, hizo zinaonyesha profaili zote zilizohifadhiwa, ziwe na kifaa au hazina. Nmtui nzuri sana kwa kumfundisha mtu, ni ya mishale na Enta tu, na yule kijana sa ndo anayoitumia.

Pili takataka. Ile Wired connection 1 ya muda kadi ikichomolewa inaondoka yenyewe, lakini ikiwa mtu ameifungua akabadilisha kitu akahifadhi, inakuwa faili ya kudumu, na saibani wateja na wasaidizi wanagusa kila kitu. Mwaka ulipokwisha nikakuta profaili kama kumi na saba, zingine za waifai za wageni waliokuja siku za Maulidi wakaondoka, zingine za simu zilizokwisha kuuzwa. Hazizuii kitu lakini ipo siku moja yao itafaa kifaa usichotaka ikaamka. Dawa yake ni kuandika nmcli -f NAME,UUID,TIMESTAMP-REAL connection, inakuonyesha kila moja iliwaka mara ya mwisho lini, na ambazo hazijawahi kuwaka zinaandikwa hivo. Lakini pole pole hapo! Ambayo haijawahi kuwaka huenda ndo ile unayoisubiri adapta yake. Mi karibu nifute ya modemu. Tangu hapo zile ninazozisubiri nazipa jina linaloanza na "akiba" ili nizijue. Na kufuta futa kwa UUID, ile namba ndefu ambayo kila profaili ina yake, sio kwa jina, manake programu inaruhusu majina kufanana.

Tatu hili la faili. Kila profaili ni faili moja ndani ya /etc/NetworkManager/system-connections, unaweza ukalinakili ukalipeleka kompyuta nyingine, na hio ni raha kubwa. Ila lazima liwe la root, yaani mkuu wa kompyuta, na ruhusa 600, yaani yeye peke yake ndo asome na kuandika, likiwa wazi kwa wengine NetworkManager inalipuuza kimya, inaandika kwenye kumbukumbu za mfumo tu ambako hakuna anayesoma. Niliandaa kadi ya SD ya Raspberry Pi kwa ajili ya madrasa moja kisiwani Pate, hizo Raspberry Pi nazo tangu Oktoba 2023 zinatumia NetworkManager, nikatengeneza profaili juu ya laptopu yangu kwa nmcli --offline connection add ambayo haiwashi chochote, inakutolea maandishi tu uyaweke kwenye faili. Kazi safi kabisa. Nikapeleka, nikawasha, hamna. Ruhusa. Safari nzima ya boti na nikakaa masaa mawili natafuta kosa kwenye anwani wakati kosa liko kwenye ruhusa. Chmod 600, nmcli connection reload, ikaamka. Wakiweza kutoa onyo moja tu hapo kwenye nmcli connection show, kwamba kuna faili nimeliona nimelikataa kwa sababu hii, wangewaokoa watu wengi.

Nyota nimeipa nne na nusu kati ya tano na hio nusu nimeitoa kwa sababu ya hilo la ruhusa peke yake.

Kama unataka kufanya nilichokifanya bila kupitia nilikopitia, jambo la kufanya ni hili na liko rahisi sana: kabla duka halijafunga mzigo waambie wakupigie picha stika iliyo chini ya adapta au kwenye boksi. Nyingi zina MAC imechapwa pale, herufi na namba kumi na mbili. Ukishakuwa nayo huna haja ya kubahatisha jina wala kuweka nyota, unaandika profaili na MAC kamili usiku huohuo, na adapta ikishachomekwa inaenda moja kwa moja mahali pake. Isiyo na stika ndo unaanza na enx*, halafu ikishafika unaikaza. Wauzaji wengine watakuuliza unaitakia nini hio picha, waeleze tu, wa kwangu mara ya pili alinitumia mwenyewe kabla sijasema.

Na hio mara ya pili ni wiki hii. Nimeagiza adapta nyingine ya kuweka, manake kusi imeshaanza kuvuma na chumvi inaingia kila mahali, ile ya kwanza ishaanza kuota kutu kwenye kichwa cha USB. Picha ya stika niliipata juzi, profaili nimeiandika jana usiku, nimeiita akiba-waya, ukitazama kwenye orodha ina vile vistari viwili na imeandikwa haijawahi kuwaka. Basi linafika Mokowe kesho, na mi kesho nina kazi Shela mpaka Maghrib. Kijana nimemwambia achomeke tu.